Barua ya wazi: Homa ya mafundi wa kuchomelea si malaria kila mara

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya Kazi;
Waziri wa Afya;
Mtendaji Mkuu, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA);
Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam;
Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

YAH: HOMA INAYOWAPATA MAFUNDI WA KUCHOMELEA KWA KUVUTA MOSHI WA VYUMA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kazi hii nimeifanya Buguruni kwa miaka 23, kwanza nikiwa saidia fundi wa kushika vyuma na kufagia, na sasa nikiwa na karakana yangu ndogo ya mageti, madirisha na stendi za matangi ya maji, ambamo vijana watatu wanapata riziki pamoja nami. Nawaandikia kwa heshima kuhusu homa ambayo karibu kila fundi wa mji huu ameugua angalau mara moja, na ambayo kwa kadiri ninavyoona huitwa kwa majina yote isipokuwa jina lake, homa ya moshi wa vyuma. Ombi langu kubwa ni dogo kwa gharama: mgonjwa yeyote wa homa anayefika zahanati aulizwe anafanya kazi gani, na jibu lake liandikwe. Nitaeleza kwa nini swali hilo lina uzito kuliko kipimo chochote kilichopo kwa ugonjwa huu.

Miaka miwili iliyopita, baada ya sikukuu ya Idi iliyotupa mapumziko ya siku nne, tulipata kazi ya kugeuza kontena kuwa duka la vipodozi huko Tabata. Tulitakiwa kukata madirisha mawili, kuweka mlango wa grili, na kujenga shelfu za ndani kwa mabomba ya mraba ya galvanaizi, yaani chuma kilichopakwa zinki, ambayo mteja aliyachagua kwa sababu hayashiki kutu upesi. Jirani wa upande mmoja alikuwa anauza magodoro na hakutaka kuona cheche hata moja ikiruka nje, na hakuwa na makosa, kwa hiyo tulirudishia milango ya kontena tukachomelea ndani tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Moshi ulikuwa mweupe na mzito, na tulipotoka tulichekana kwa sababu nywele na kope zetu zilikuwa kama za watu waliotoka kusaga unga wa muhogo.

Nilianza kujisikia vibaya ndani ya daladala. Mdomo ulikuwa na ladha ya mtu aliyeng'ata sarafu, na kiu ilinishika isiyokatika hata kwa maji ya chupa nzima. Ilipofika saa mbili usiku nilikuwa natetemeka kwa baridi huku mwili unachoma, viungo vinauma, kifua kimebana na kikohozi kikavu hakiniachi. Mke wangu alinifunika mablanketi mawili na kusema kwamba hiyo ni malaria, nami sikubishana naye. Asubuhi nilipopiga simu karakana, niliambiwa kwamba vijana wangu wawili kati ya watatu walikuwa wamelala katika hali hiyohiyo tangu usiku. Mdogo wao alipelekwa zahanati, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, lakini akaandikiwa dawa mseto ya malaria. Kesho yake ndugu zake hawakuridhika, wakampeleka kwingine, naye akarudi na karatasi inayosema ana taifodi na maambukizi ya njia ya mkojo. Hadi Alhamisi wote watatu tulikuwa wazima, nami nikiwa sijameza zaidi ya panadol na maji.

Naomba mtafakari jambo hili kama tulivyopaswa kulitafakari sisi. Malaria haiwaangushi watu watatu wa karakana moja, wanaolala mitaa mitatu tofauti, katika saa zilezile za usiku mmoja, kisha ikawaachia kwa pamoja. Hata hivyo katika vituo viwili alikopita kijana wangu aliulizwa jina, umri, mtaa na kama anatumia chandarua, wala hakuna aliyemuuliza mchana ule alikuwa anafanya kazi gani.

Aliyenifumbua macho ni daktari mmoja aliyekuja kufuata geti lake. Alinisikiliza nikimsimulia kwa utani habari za malaria yetu ya pamoja, akaacha kucheka, akaniuliza bomba lilikuwa la aina gani na tulichomelea wapi. Tangu hapo nimesoma na kuuliza kadiri elimu yangu ya ufundi stadi inavyoniruhusu, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Sentigredi, ilhali chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Maana yake ni kwamba fundi anapogusisha kijiti cha kuchomelea kwenye bomba la galvanaizi, zinki inakuwa imekwisha kugeuka mvuke kabla chuma hakijaanza kushikana, na mvuke huo ukikutana na hewa huwa oksidi ya zinki, ule moshi mweupe tunaoufahamu sote. Chembe zake nyingi ni ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo pua na koo havizizuii, nazo hushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu. Mwili huzipokea kana kwamba umevamiwa na vijidudu na kuwasha homa ya kupigana na adui ambaye hayupo. Dalili huanza kwa kawaida saa nne hadi kumi baada ya kuvuta moshi, wakati fundi amekwisha kuoga na kula, na amesahau kazi ya mchana. Kisha huisha zenyewe ndani ya siku moja au mbili. Hakuna kipimo cha damu kinachoutambulisha ugonjwa huu, na picha ya eksirei ya kifua mara nyingi hutoka safi. Kinachoutambulisha ni maelezo ya mgonjwa kuhusu kazi yake, na maelezo hayo hayatoki bila kuulizwa.

Ugonjwa wenyewe si mgeni duniani. Katika karne ya 19 madaktari wa Uingereza walikwisha kuuandika kwa wafanyakazi wa Birmingham waliokuwa wakiyeyusha mchanganyiko wa shaba na zinki, na baadaye watu wa viwandani wakauita homa ya Jumatatu. Sababu ya jina hilo ni kwamba mwili huuzoea moshi kwa siku chache za kazi mfululizo, kisha huyapoteza mazoea hayo wakati wa mapumziko, hivyo anayerudi kazini baada ya wikendi ndiye anayeangushwa. Nilipolisoma jambo hilo nilikumbuka siku zetu nne za Idi. Nilikumbuka pia mara ngapi nimewaita vijana wavivu kwa sababu wanaugua Jumanne, nikidhani ni uchovu wa starehe za Jumapili. Kwa hilo nimewaomba radhi.

Hapa panahitaji neno kuhusu maziwa, kwa sababu imani ya maziwa ndiyo imetulea mafundi wote wa mji huu, wachomeleaji kwa wapaka rangi. Kwa miaka mingi nimewanunulia vijana wangu maziwa ya pakiti kila siku tuliyochomelea galvanaizi, na nilipoyagawa nilijiona mwajiri mwema aliyetimiza wajibu wake. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, na moshi uko mapafuni, na siku maziwa yatakapofika mapafuni tutakuwa tunazungumzia ajali nyingine kabisa. Hasara yake ni kwamba fundi aliyekunywa maziwa huinama juu ya moshi bila wasiwasi, na mwajiri aliyetoa shilingi chache za maziwa huona hana deni tena.

Dawa mseto nayo inatudanganya kwa namna hiyohiyo. Homa hii ingeondoka yenyewe siku ya pili, lakini kwa kuwa mgonjwa alikuwa amekwisha kumeza dawa, sifa zote zinakwenda kwa dawa, na mara nyingine atakapotetemeka atainunua dukani bila hata kupima. Sisemi fundi asipimwe malaria, kwa kuwa malaria bado ipo na inaua, na kuchomelea vyuma hakumkingi mtu na mbu. Ninachosema ni kwamba kipimo kikisema hakuna malaria, hatua inayofuata isiwe kutafuta jina jingine lolote la kuandika kwenye karatasi. Nimewahesabu mafundi wa mtaa wetu ninaowafahamu ambao wana taifodi ya kudumu, wanaitibu mara tatu au nne kwa mwaka, na sijui kama kuna mwalimu au karani anayeugua taifodi kwa ratiba ya namna hiyo.

Huenda mtaniuliza kwa nini niwasumbue viongozi wa ngazi yenu kwa homa inayoisha yenyewe kwa siku mbili. Nawasumbua kwa sababu homa hiyo ni ushahidi kwamba mtu amevuta moshi kupita kiasi, na zinki ndiyo yenye huruma kuliko wenzake waliomo katika moshi. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vijiti tunavyotumia kila siku na chuma chenyewe vina manganizi, ambayo mtu akiivuta kwa wingi kwa miaka huharibu ubongo, mikono ikatetemeka na mwendo ukawa wa mzee ilhali umri si wa mzee. Chuma kisichoshika kutu, kile cha masinki na majiko ya hoteli, hutoa kromiamu ya aina mbaya inayoleta pumu na saratani ya mapafu. Wachomeleaji pia hupatwa na nimonia kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine, kiasi kwamba Uingereza hushauri wapewe chanjo ya nimonia.

Inayonitisha kuliko zote ni kadimiamu. Imepakwa kwenye baadhi ya bolti na vipuri vya zamani, na imo katika baadhi ya malighafi za kulehemu zenye fedha. Moshi wake huanza kama huu wa zinki, kwa homa, kikohozi na kubana kwa kifua, na mtu hudhani ni yaleyale ya siku zote; lakini badala ya kupona siku ya pili mapafu hujaa maji, na wapo wanaokufa ndani ya siku chache. Sisi wa Dar es Salaam chuma chetu kikubwa ni skrepa. Tunanunua kwa kilo, kimetoka kwenye meli, kwenye lori au kwenye mashine iliyokufa, na hakuna anayetuambia kilipakwa nini. Kwa hiyo daktari anayemwona mchomeleaji mwenye homa na kupumua kwa shida, asipojua kwamba ni mchomeleaji, anaweza kumrudisha nyumbani na vidonge usiku ambao angepaswa kumlaza na kumpa oksijeni.

Nakuja kwenye sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inataka sehemu za kazi zisajiliwe, na wafanyakazi walio katika hatari wapimwe afya wanapoanza kazi, wakiendelea nayo na wanapoiacha. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015, hulipa fidia kwa ugonjwa uliotokana na kazi. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inataja magonjwa yanayoletwa na zinki, manganizi, kadimiamu na kromiamu. Kwa mfanyakazi wa kiwanda chenye lango na mlinzi, mlolongo huo unashikana. Lakini saidia fundi wa Gerezani, Tandika au Manzese, anayepokea ujira wake mkononi jioni na asiye na mkataba, hana mwajiri anayemchangia wala daftari lenye jina lake, na ugonjwa wake ukiandikwa taifodi basi hata ushahidi wa kwamba aliumia kazini haupo. Karakana yangu mwenyewe haikuwa imesajiliwa kwa miaka mingi, na kosa hilo ni langu. Nadhani ni la wengi wetu, kwa kuwa tuliamini kwamba sehemu ya kazi ni jengo, na sisi tulikuwa chini ya mwarobaini.

Kwa OSHA, basi, naomba utaratibu wa usajili na ukaguzi unaolingana na karakana ya watu watatu, wenye ada tunayoimudu, na wenye mkaguzi anayekuja kufundisha kabla ya kutoza faini. Mkaguzi huyo akija, asiangalie tu kizimamoto na viatu, bali aangalie moshi unakwenda wapi fundi anapoinama. Uingereza ilitangaza Februari 2019 kwamba kwa anayechomelea ndani, dirisha wazi peke yake halitoshi hata kwa chuma cha kawaida, na kwamba moshi lazima unyonywe karibu na unapotokea. Sidai mitambo ya Uingereza, lakini feni ya kunyonya yenye bomba linalosogezwa karibu na kazi inaweza kutengenezwa na mafundi wa mji huuhuu. Nipeni mchoro, nitaitengeneza.

Kwa wakurugenzi wa halmashauri nina jambo ambalo sidhani limewahi kufikishwa kwenu. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo walipopangwa upya, na kila mara mafundi wanapoondolewa kando ya barabara, anayepewa eneo hupewa fremu: kuta tatu, paa la bati, mlango mmoja mbele. Kwa muuza nguo fremu ni heri. Kwa mchomeleaji fremu ni kontena la Tabata. Chini ya mti tulikuwa tunapigwa jua na mvua, lakini upepo wa bahari ulikuwa unatufanyia kazi bure. Mnapowapanga mafundi vyuma, wapeni banda lililo wazi pande zote, paa la juu, na umbali kidogo kutoka kwa mama lishe, ambaye leo anapika ubwabwa hatua tatu kutoka kwenye moshi wetu, akiwa na mtoto mgongoni. Vilevile asilimia 10 ya mapato ya ndani mnayotenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imekwisha kuwanunulia vijana wengi mashine za kuchomelea. Naomba kikundi kinachokopeshwa mashine kikopeshwe pamoja nayo feni na barakoa zinazofaa, kama ambavyo huwezi kumkopesha mtu bodaboda ukamwacha bila kofia ngumu. Na afisa afya wa kata, anayekagua vyoo na migahawa, apewe mafunzo ya siku moja kuhusu moshi huu.

Upande wetu mafundi hatuna visingizio vyote. Kuondoa zinki kwa grainda sentimita tano hadi kumi kila upande wa kiungo kabla ya kuchomelea, huku umevaa barakoa kwa ajili ya vumbi lake, kunapunguza moshi kwa kiasi kikubwa, kisha mahali palipokwanguliwa pakapakwa rangi ya zinki. Tatizo ni mteja anayesimama pembeni na kulalamika kwamba amelipia galvanaizi nasi tunaikwangua, na tatizo jingine ni muda, kwa maana jirani asiyekwangua atamaliza geti lake saa mbili kabla yangu na kutoza bei ya chini. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali hazizuii chembe hizi, na fundi aliyejifunga shati puani anajifariji tu. Inatakiwa barakoa ya kuchuja chembe, yenye daraja kama FFP2 au N95 au zaidi, iliyokaa sawasawa usoni chini ya kioo cha kuchomelea. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA, kikiwemo cha Chang'ombe, vinaweza kuwafundisha wanafunzi jinsi ya kukaa kwa kufuata upepo na kuweka kichwa nje ya moshi kwa uzito uleule wanaofundishwa kushika kijiti, lakini wengi wetu hatukupita chuoni, tulijifunza kwa kumtazama fundi mkuu, na fundi mkuu wetu alikuwa anakunywa maziwa.

Kwa Waziri wa Afya na Mganga Mkuu wa Mkoa narudia ombi la mwanzo. Maelekezo yatolewe kwa zahanati na vituo vya afya vya mkoa huu, vya serikali na vya binafsi, kwamba mgonjwa wa homa aulizwe kazi yake na kama alivuta moshi, vumbi au kemikali katika saa 24 zilizopita. Jibu liandikwe kwenye cheti chake na kwenye rejista za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Na mchomeleaji ambaye homa yake imezidi siku mbili, au anayepumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kusubiri. Mkianza na kata zenye mafundi wengi, kwa mfano Buguruni, Vingunguti, Gerezani na Tandika, kwa miezi sita tu, mtakuwa na takwimu ambazo sisi hatuwezi kuwaletea, na OSHA itajua pa kuanzia.

Karakana yangu iko wazi kwa mkaguzi au daktari yeyote atakayetaka kuja. Aje Jumatatu mchana, tukiwa kazini, kisha arudi tena Jumanne asubuhi ahesabu nani hakufika.

Wasalaam,

Fundi wa kuchomelea vyuma,
Buguruni, Dar es Salaam.